Mtakatifu Puerko na Duka Langu la Vitabu

Kama ni kucheka, chekeni sasa mmalize, kwa sababu mimi nikilisimulia jambo hili mpaka leo masikio yangu hupata moto, na mke wangu Kerubo huinuka akaenda jikoni kujifanya anaangalia maharagwe (maharagwe yenyewe yameiva tangu asubuhi, lakini kwake ni heri maharagwe kuliko kunisikia nikiitaja ile siku).

Mimi ni mtu wa Manga, kule juu kabisa. Nilipokuwa kijana nilipelekwa seminari ndogo nikasomee upadre, nikakaa kidogo kisha nikarudishwa nyumbani, si kwa ubaya wowote, ila wakubwa waligundua kwamba kengele ya chakula naisikia upesi kuliko kengele ya sala. Lakini kwetu ukishakwenda seminari umekwenda. Wazee wakaanza kuniita Padre, nami sikuwakataza. Nilikuwa nimerudi na maneno machache ya Kilatini, na mojawapo lilikuwa Amina.

Basi miaka ile misa ilikuwa imegeuzwa karibuni tu, ikaachwa kusomwa kwa Kilatini, na Wakatoliki wazee walinung'unika sana, wakasema siku hizi Mungu anasemeshwa kama jirani aliyesimama upande wa pili wa ua. Mimi nami nilikuwa na ndoto ya kufungua duka la vitabu Kisii mjini, si la misheni, si la vitabu vya shule, duka langu mwenyewe la mtaani, mahali ambapo mtu akimaliza kuuza ndizi sokoni anaingia, anakaa, anafungua kitabu bila kuulizwa amesoma mpaka darasa gani. Kilichokosekana ni vitabu.

Siku moja nikaenda Kisumu, nikakuta mnada wa mizigo ambayo wenyewe hawakuifuata stesheni. Kati ya baiskeli zenye kutu na vitanda vya chuma palikuwa na masanduku ya mbao yameandikwa kwa rangi nyeusi LIBROS, na chini yake LATINO. Jamani, moyo uliruka! Libros! Neno hilo nililichapiwa viboko seminarini, nisingelisahau hata kaburini: ni vitabu! Na Latino itakuwa nini tena kama si Kilatini? Nikawaona wale wazee wetu wakipanga foleni mlangoni kwangu wakilia kwa furaha.

"Wewe unaweza kusoma hii?" dalali akaniuliza.

Hapo ndipo pa kujuta. Ningesema "kidogo", mambo yangekuwa mengine. Mimi nikasema, "Hii? Hii nimeisomea."

Nikarudi na masanduku juu ya basi, nikampata fundi wa kuchora, akaniandikia ubao mkubwa: DUKA LA VITABU VYA KILATINI. Vitabu vyenyewe nilivifungua juu juu tu. Nikaona herufi za kawaida, nikaona maneno yanayoishia na -o na -a, nikatosheka.

Sasa lazima niwaambie habari za baba mkwe wangu, Mzee Ombongi, la sivyo hamtaelewa niliumia wapi. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato huko Nyanchwa, mrefu, mkimya, mwenye kofia nyeusi ambayo aliivua kwa ajili ya Mungu peke yake. Hakutaka binti yake aolewe na mtu wa rozari. Na sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani ile heshima ya kuoneana haya: mbele ya mkwe hufanyi mzaha, hutamki neno chafu, mkikutana njiani wewe ndiye unayepisha. Tangu harusi mzee hakuwahi kukanyaga mahali pangu popote. Na chumba cha duka kilikuwa cha ndugu yake! Kerubo alimbembeleza mpaka akakubali kuja siku ya kufungua, na akatuma neno: "Nitamtazama. Nikiona ni mtu wa maana, akae. Nikiona ni mchezo, ndugu yangu atafute mpangaji mwingine."

Ikafika siku, Jumapili mchana, ili Wasabato wawe na nafasi na Wakatoliki wawe wametoka misa. Watu walijaa barabarani mbele ya baraza. Walikuja wa Manga, walikuja wa Gesima na harufu ya majani ya chai mikononi, walikuja wafanyabiashara wa jirani kuangalia kama nitafilisika. Mzee Ombongi alipewa kiti cha mbele. Nikahutubia vizuri tu, nikashukuru kila mtu, nikawa karibu kabisa kukata utepe, ndipo mama mmoja mzee, Mama Moraa, mwimbaji wa kanisani kwetu, akapaza sauti:

"Padre! Tusomee kidogo hiyo Kilatini, tusikie kama zamani!"

Watu wakapiga makofi. Kerubo alinitazama kwa jicho la kusema kata utepe wewe. Lakini mkwe wangu naye akageuza shingo taratibu, akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua nitasema nini. Ningewezaje kukataa?

Nikaingiza mkono sandukuni, nikatoa kitabu kimoja kilichong'oka jalada, nikafungua katikati. Nikaona neno carne. Nikalitambua, mwili! Nikaona sangre, nikasema hii lazima ni damu. Nikaona vino, divai, nikaona na sal, chumvi, "ninyi ni chumvi ya dunia." Mwili, damu, divai, chumvi, utaniambia si sala hiyo? Nikajisafisha koo, nikaitoa sauti ya madhabahuni, ile ya kupanda kilima na kushuka, nikaimba ukurasa mzima. Caaarne de pueeerco… Watu wakainamisha vichwa. Mama Moraa akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Na Mzee Ombongi (Nyasae, Mungu wangu, naiona mpaka leo) akainua mkono polepole, akavua kofia.

"Amina," nikamaliza.

"Amina!" barabara nzima ikajibu.

Ningeishia hapo ningekuwa tajiri. Lakini mzee akauliza, kofia ikiwa bado kifuani, "Maneno mazuri. Yanasemaje kwa lugha yetu?"

Nikakiangalia tena kitabu. "Tata," nikamwambia (ndivyo tunavyomwita baba), "yanataja mwili na damu, kwa maombezi ya… ya…" neno lililojirudia sana ukurasani lilikuwa puerco, "ya Mtakatifu Puerko."

"Utuombee!" Wakatoliki wote wakaitikia kwa pamoja, bila kuulizana.

"Sisi hatuombi watakatifu," mzee akasema kwa upole. "Lakini huyo alifanya nini?"

Mtu mwenye akili angezimia. Mimi nikaendelea! "Alijitoa, tata. Aliutoa mwili wake wote, hata damu, ili watu washibe."

Hapo nyuma ya watu mtu akakohoa kama amekwamwa na mfupa. Alikuwa padre mgeni wa parokia ya bonde la chini, mtu wa Meksiko, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka kwetu, kanzu imejaa matope ya pikipiki. Mimi sikumwalika, alifuata ule ubao. Akaja mbele akifuta machozi, akaomba kitabu, akakiangalia, mabega yakaanza kutikisika.

"Samahani," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "hii si sala. Hii si Kilatini. Hii ni Kihispania, lugha ya mama yangu. Na hiyo Latino ya sandukuni ni sisi, watu wa nchi za kwetu."

Nami, badala ya kunyamaza, nikamkazia macho. "Padre, hiki ni Kilatini cha zamani sana. Labda ninyi hamkufundishwa."

"Rafiki," akaninong'oneza, "acha tu."

"Asiache," Mzee Ombongi akasema. "Inasema nini?"

Padre akanitazama kwa huruma. "Ni namna ya kupika, mzee."

"Kupika nini?"

"Pengine niseme baadaye."

"Sasa."

"Nguruwe," padre akasema. "Unachukua nyama yake, na damu yake, na chumvi, na divai kidogo, unatia ndani ya utumbo wake."

Nilisikia jogoo akiwika upande wa pili wa mji. Mzee wa Kisabato, ambaye nyumbani kwake hata jina la mnyama huyo halitajwi mezani! Akaitazama kofia yake mkononi, akaipangusa vumbi lisilokuwepo, akaivaa.

"Kwa hiyo," akasema, "nimemvulia nguruwe kofia."

Akaondoka. Wasabato wakamfuata, na Kerubo akawafuata akilia. Mama Moraa alibaki amepiga magoti akiuliza watu kama sasa ile Amina yake inaweza kurudishwa. Mimi nikaingia dukani nikakaa nyuma ya masanduku, nikatamani niwe mmojawapo wa vile vitabu, nifungwe tu.

Padre hakuondoka. Nilimsikia akifungua sanduku baada ya sanduku, akicheka, halafu ghafla akanyamaza. Nilipochungulia nilimkuta ameketi sakafuni na kitabu cha picha mapajani. "Hapa ni karibu na kwetu," akasema, akaweka kidole kwenye picha ya soko. Mama Moraa akaja kuchungulia begani kwake. Akaona wanawake wamepiga magoti wanasaga mahindi juu ya jiwe.

"Yaa! Hawa wanasaga kama mama yangu!" akapiga kelele, akaita wenzake. Wakaingia. Wakaona maharagwe, wakaona maboga, wakaona harusi, wakaona wazee wenye kofia kubwa kama ungo, na padre akawaeleza kila picha mpaka giza likatufukuza.

Hivyo ndivyo duka lilivyopona. Padre akawa anakuja kila siku ya soko kuwasomea watu hadithi za nchi za kwao na kuzigeuza kwa Kiswahili chake kilichovunjika, na ndugu zake wakamtumia vitabu vingine, vingine vya nyimbo, na nikawa na duka pekee milimani kwetu ambapo mtu wa Gesima angeweza kukwambia jinsi wafu wanavyokumbukwa huko Meksiko. Ubao sikuubadilisha, lakini hakuna aliyeusoma. Watu walisema tu, "Tukutane kwa Puerko," na Puerko ndiye mimi.

Kwa mkwe ilibidi nipeleke mbuzi wa kuondoa aibu, kama desturi inavyotaka. Nikasimama uani Nyanchwa na wajomba zangu, vichwa chini. Mzee akatoka, akamzunguka yule mbuzi, na kwa kuwa chinsoni haimruhusu kunitania mimi, akaugeukia ukuta wa nyumba, akauuliza kwa sauti: "Wamehakikisha ni mbuzi?"

Kerubo ndiye aliyeanza kucheka. Wengine wakafuata, na mzee mwenyewe akaingia ndani haraka ili nisimwone meno. Chumba nikaachiwa, kwa sharti kwamba kwenye baraza ile nisisome kitu chochote kwa sauti.

Nimelishika sharti hilo mpaka uzee huu, na nimeongeza langu. Mkiniletea leo karatasi ya lugha nisiyoijua, hata iwe na msalaba juu na msalaba chini, hata mkwe wa mfalme akae mbele yangu akisubiri, nitawaambia sijui, tafuteni mwingine, na tafadhali nipitishieni hiyo chai kabla haijapoa.