Risasi ya Kongoni wa Harusi ya Zuhura

Wiki iliyopita nilipeleka gauni langu kwa fundi cherehani, pale sokoni Kasulu. Mashine yake ilikuwa inalia kama panya, naye akachukua kichupa cha mafuta akaidondoshea hapa na pale, huku akiisema kama mtu anayemsema mtoto mvivu. Harufu ikanikuta nimekaa kwenye benchi. Basi hapo hapo nikasahau gauni. Nikawa Stefania mdogo wa kijijini Kitahana, miguu peku, nimechuchumaa mlangoni namwangalia Baba akisafisha bunduki yake. Maana Baba aliisafisha kwa mafuta hayo hayo ya cherehani, na kwetu cherehani haikuwepo. Mama alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile kuna viungo vya bunduki tu vinavyopakwa mafuta, vya kwake vinaachwa vilie.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtu mwenye leseni akiwa bado anaruhusiwa kuwinda. Baba alilima mihogo na maharage kama jirani yeyote, lakini ile bunduki ilimfanya ajulikane toka kwetu mpaka Kibondo mjini. Wenzake wenye magobore walipiga, kisha wakashinda kutwa wanafuata damu porini. Bunduki ya Baba ilikuwa na kasi ya ajabu. Akipiga, anakaa chini, anawasha sigara, kwa sababu mnyama keshaanguka pale pale aliposimama. Watu walipenda kulisimulia hilo, na Baba alipenda kulisikia.

Alikuwa na risasi za aina tatu, na kila aina aliipa jina lake. Ile nyepesi yenye ncha kali aliiita Mwewe, kwa sababu ilifika kabla hujapepesa jicho. Ile iliyofunikwa chuma kote, ngumu, aliiita Msumari. Na ile nene yenye kichwa butu, nzito mkononi, aliiita Nyundo. Nyundo hakuipenda. Alisema inampiga bega, na kwa mbali inaanguka chini ya pale ulipolenga, kama mzee anayerusha jiwe. Yeye alikuwa mtu wa Mwewe.

Mimi nilizijua risasi kwa upande mwingine, upande wa ndani ya nyama. Kazi yangu ilikuwa kuosha nyama kabla haijaingia chunguni, na vidole vyangu vilikuwa vinakutana na vile vichwa vya risasi vilivyobaki humo. Sikuvitupa. Niliviosha nikavifanya watoto wangu, nikawalaza kwenye kifuu cha nazi ambacho rafiki wa Baba alituletea toka dukani kwake. Watoto wa Mwewe walikuwa vipande vipande, hakuna hata mmoja mwenye umbo. Wa Msumari nilikuwa naye mmoja tu, mnyoofu kama alivyozaliwa, maana ndugu zake walitoboa wakapita. Na wa Nyundo alikuwa mmoja pia, mzuri kuliko wote, kichwa kimefunguka kama uyoga. Huyo nilimwita Malkia. Mama alipoona namfunika kitambaa alisema, "Huyu mtoto wako, mwambie baba yake anunue na nguo."

Sasa huyo rafiki wa Baba. Alikuwa Mzee Hamisi, mwenye duka Kibondo mjini, mtu wa kanzu na kicheko kirefu, ambaye babu yake alitoka pwani. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo, na hakuna sikukuu tuliyokula mbali. Idi ya mwaka ule Baba aliamua kumpelekea nyama ya porini. Akatoka na Mwewe, akampiga tohe, yule swala wa majani marefu, shingoni, tohe akafa kabla hajafika chini. Mtoto wa Mzee Hamisi, Ramadhani, alikuwa ameandamana naye na kisu ili achinje. Alikimbia sana, maskini, lakini alichinja mnyama ambaye hana habari. Na mnyama aliyekufa kabla ya kisu, kwa Mwislamu, ni kibudu. Haliwi.

Baba alikuwa amekosea kwa kulenga vizuri mno. Siku ile ya Idi sisi tulikula tohe, na Mzee Hamisi kwenye sikukuu yake mwenyewe akala maharage ya Mama. Hakulalamika. Alimwambia Mama, "Shemeji, maharage haya yameiva vizuri sana." Nilimwona Baba akiinamisha uso. Ile nyama ilimkaa kooni.

Baadaye Zuhura, binti wa Mzee Hamisi, akachumbiwa na kijana wa Kasulu. Baba, mbele ya watu, akasema yeye ndiye atakayeleta nyama ya harusi: kongoni. Mzee Hamisi akamshika mkono kwa upole. "Baba Stefa, ndugu yangu, usijisumbue. Mbuzi ninao."

Ule upole ulimchoma Baba kuliko tusi. Leseni yake iliruhusu kongoni mmoja tu. Wakwe wa Kasulu wangekuja na lori zima, na kama nyama ya rafiki yake ingewekwa pembeni tena mbele ya wageni, aibu ingekuwa ya Mzee Hamisi kwa kuwa na rafiki wa namna hiyo.

Jioni Baba alizipanga risasi zake kwenye mkeka akawa anazitazama kama mtu anayechagua mchumba. Ramadhani alikuwepo, kijana wa miguu mirefu, mshambuliaji wa timu ya mpira ya pale mjini, na maneno yake mengi.

"Mjomba, chukua Msumari," alisema. "Unamtoboa, anabaki mzima, mimi namalizia."

"Utamalizia wapi?" Baba akamuuliza. "Kongoni aliyetobolewa na Msumari utamkuta Burundi. Una pasi?"

"Mimi nina mbio."

"Kongoni naye anazo, tena hana maneno."

Mama akacheka mpaka akaacha kuchambua maharage. Lakini Baba hakucheka. Mwewe akimgonga mfupa kwa karibu anapasuka: ama mnyama anakufa papo hapo, ama anaondoka na kidonda cha juu juu, akateseke siku nzima. Msumari anapita kama mgeni asiyekaribishwa maji. Nyundo hata hakuigusa.

Mimi ndipo nilipokumbuka yule nguruwe pori. Alikuwa amekuja kula mihogo yetu, na Baba, kwa kuwa risasi nyingine zilikuwa zimeisha, alimpiga kwa Nyundo akiwa pembeni kabisa ya shamba. Baba alikumbuka kwamba nguruwe alianguka. Mimi nilikumbuka kwamba alipumua. Nilifika mbio pamoja na Mama, nikamkuta amelala ubavu, miguu ya mbele imekataa, na ubavu unapanda na kushuka, mpaka Baba alipommaliza kwa kisu. Nililia siku ile mpaka nikakataa kula. Wote wakanicheka, kwamba namlilia mwizi wa mihogo.

Nikaenda nikamchukua Malkia kwenye kifuu nikamweka juu ya mkeka. "Huyu ndiye wa yule nguruwe," nikasema. "Alikuwa bado anapumua, Baba. Tulifika, na alikuwa bado anapumua."

Baba akamwinua Malkia, akamzungusha kwenye mwanga wa koroboi. Kisha akamtazama Mama. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Mama akasema. "Mimi ndiye niliyekuletea kisu."

Basi ikawa Nyundo. Na hapo moyo wangu ukaanza kunisuta kwa upande mwingine, maana nilikuwa nimemchagulia kongoni nisiyemjua namna ya kufa. Nikamuuliza Baba kama ataumia. Hakunidanganya. Alisema, "Ataumia kidogo, kama kisu kitakuwa kikali na Rama atakuwa karibu." Nikamnyang'anya Ramadhani kisu chake. Nilikaa kwenye jiwe la Mama la kunolea nikakinoa mpaka mikono ikaniuma, nikakijaribu kwenye unyoya wa kuku, nikanoa tena. Ramadhani akasema hajapata kuona harusi ambayo Wakristo wanamnolea Mwislamu kisu kwa hasira namna hii.

Siku ya kuwinda, mimi na Mama na wanawake wa jirani tulifuata nyuma na vikapu, tukabaki kijitoni. Asubuhi ilikuwa na ukungu, na majani marefu yalitulowesha mpaka kiunoni. Yaliyotokea mbele niliyasikia baadaye toka kwa Ramadhani, aliyeyasimulia maisha yake yote. Kwa kuwa Nyundo haitaki umbali, Baba, aliyezoea kupiga akiwa kilimani kama bwana mkubwa, ilimbidi atambae. Alitambaa kwenye tope, tumbo chini, na Ramadhani nyuma yake na kisu kwenye meno. Ramadhani alikatazwa kusema hata neno, na aliapa kwamba hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko tope. Kongoni walikuwa wanakula kwenye uwazi. Baba alingoja mmoja ageuke ubavu kamili, ili risasi iingie bega moja itafute la pili.

Sisi tulisikia mlio mmoja. Halafu kimya. Mama alinishika mkono akaukaza, na mimi nilifumba macho, nikisubiri mlio wa pili ambao ungekuwa habari mbaya. Badala yake, toka ng'ambo ya majani, ikaja sauti ya Ramadhani, sauti ya mtu aliyekimbia mbio za maisha yake, imekatika pumzi lakini imenyooka: "Bismillahi, Allahu Akbar." Wanawake wa Kikristo wote pale kijitoni wakapiga vigelegele. Nadhani haijatokea tena.

Tulipofika, Baba alikuwa amesimama, mweusi kwa tope toka kidevu mpaka magoti. Hakuwa amewasha sigara. Alikuwa anatazama damu iliyotoka kwenye koo la kongoni, nyekundu, yenye nguvu, na anacheka peke yake. Mimi nilipiga magoti nikamgusa yule mnyama shavuni. Macho yake yalikuwa yametulia. Nikalia kidogo, nikafurahi, vyote pamoja.

Nyama ilibebwa kwa nyimbo mpaka Kibondo. Wakwe wa Kasulu waliposhuka kwenye lori lao, harufu iliwapokea kabla ya Mzee Hamisi. Kukawekwa masinia ya wali na nyama, na kwenye sinia moja walikaa Baba, Mzee Hamisi na baba mkwe wa Zuhura. Mkwe akauliza nani kachinja, Ramadhani akajitokeza hata kabla swali halijaisha. Kisha wakanawa. Mzee Hamisi akachukua kipande cha ini, kile kinono, akakisogeza upande wa Baba. Baba akakirudisha. Mzee Hamisi akakisogeza tena. Baba akakirudisha tena. Watu wazima, wenye mvi, wanasukumiana ini mpaka linapoa. Mimi nilicheka sana, nikadhani wanacheza.

Baada ya hapo wenye magobore walimtania Baba kwamba siku hizi akipiga, mnyama anabaki kusubiri kisu. Alicheka nao. Sikuelewa mpaka nilipokuwa mama wa watu kwamba mtu yule alikuwa na sifa moja tu duniani, kuangusha mnyama akiwa amekwisha kufa, na kwamba alikuwa ameiweka chini yeye mwenyewe, akatambaa kwenye tope na risasi asiyoipenda. Miaka yote ile Baba alikuwa amekula cha Hamisi. Siku ile ndiyo ya kwanza Hamisi alikula nyama iliyotoka kwenye bunduki ya Baba, na mwishowe ndiye aliyelila lile ini, kwa sababu Baba alikataa kushindwa.