Msonyo Ulionipatia Posa

Kuna msonyo mmoja umekaa sikioni mwangu tangu mwezi wa sita. Mrefu, mkavu, wa mtu aliyekerwa hasa. Nitawaambia ulikuwa wa nani, lakini kwanza mnijue.

Nina miaka ishirini na saba. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tabora mjini, nimepanga Kitete. Admin wa kundi hili ameahidi kunificha, na majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe, ingawa walistahili kuanikwa.

Mnakijua kile kitabu cha mjane na fundi seremala, kilichosemwa vibaya kanisani na msikitini mpaka wasiosoma hata gazeti wakakitafuta. Nilikinunua, nikakivalisha jalada la karatasi ya kalenda kama tunavyowafundisha wanafunzi, nikaenda nacho kazini. Ofisi nzima ya walimu wa kike kiliizunguka. Mwenzangu mmoja, nimwite Mama Neema, alikaa nacho siku kumi na moja. Kilirudi na madoa ya mafuta ya maandazi kwenye kurasa zilezile mnazozidhania.

Mimi nimekisoma mara tatu. Sitajifanya niliziruka hizo kurasa. Ila kilichonikamata ni kwamba sikuwahi kukutana na mwanamke wa kwenye kitabu anayetamani, halafu mwandishi asimuue mwishoni. Yule mjane anaishi. Anapika wali, anakula, anafungua dirisha. Pembeni mwa kurasa nimeandika kwa penseli mambo ambayo sijamwambia mtu.

Basi filamu yake ikaja, ikaonyeshwa ukumbini Jumamosi alasiri. Mji mzima wenye heshima zake ulijaa humo, kila mmoja akidai amekuja kuona huo upuuzi ulivyo. Mchumba wangu Elia, afisa kilimo Igunga, alikuja na basi la asubuhi pamoja na mama yake. Wakati huo hata mchumba hakuwa. Mama alikuwa hanitaki. "Hawa waliosoma sana," alimwambia mwanawe, "unawaoa, wanakaa kwako kama wageni." Akaketi safu ya nyuma yangu. Nilisikia harufu ya mafuta yake ya nazi.

Mjane alipofungua fundo la khanga, ukumbi ulinyamaza kabisa. Mwanga wa skrini ulimulika nyuso, nikaona midomo wazi. Na katika ukimya ule, mtu akasonya.

Ni mimi. Nilisonya mimi, mwenye kitabu, kwa hofu ya mwanamke aliyekaa nyuma yangu. Kama mnatafuta wa kumdharau kwenye kisa hiki, anzeni na mimi.

Baada ya hapo ilikuwa kama nimewapa ruhusa. "Astaghfirullahi!" "Yesu wangu!" "Mtoeni shetani huyo!" Hakutoka mtu. Mama Neema alijifunika macho kwa vidole vilivyoachana kama meno ya kitana. Baba mmoja aliyekuwa chooni alirudi mbio, akauliza, "Nimekosa nini? Wamefika wapi?" Jirani yake akamsimulia yote kwa sauti ya masikitiko, hakuruka kitu.

Mwisho wameubadilisha. Kwenye filamu mjane anaugua, anakonda, anakufa peke yake. Ukumbi ukapiga makofi. Saa mbili nzima walikodolea mwili wake, kisha wakashangilia maziko yake. Elia naye alipiga.

Nje, mama akanishika mkono. "Aliyesonya wa kwanza ni wewe?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umelelewa!"

Wiki mbili baadaye barua ya posa ikafika nyumbani kwetu. Tangu hapo kila nikipelekwa kwa ndugu zao naambiwa, "Huyu ndiye yule aliyesonya," nao wananitazama kama ng'ombe aliyeshinda maonyesho.

Nilijaribu kumwambia Elia. Nilimpenda, na bado kuna siku nampenda.

"Ungenikuta nimekisoma kile kitabu, ungefanyaje?"

Akacheka. "Wewe? Kile wanasoma waliokosa kazi."

"Wewe umekisoma?"

"Nisome uchafu?"

"Umejuaje ni uchafu?"

"Si nimeona filamu."

"Uliiangalia mpaka mwisho, Elia."

"Sasa ningetokaje katikati ya watu? Wewe nawe." Akanipigapiga begani. "Ndiyo maana nakuoa. Yule mwanamke alikuchefua kutoka moyoni. Nilisikia."

Hilo ndilo analotaka kuoa, pumzi iliyopita kwenye meno yangu.

Ningeweza kunyamaza, na nilitaka. Wengi hapa mmeolewa kwa uongo mdogo kuliko huo. Ila Jumapili iliyopita mama akapiga simu: siku ya kunifunda niseme na mabinti wa kanisani kwao, niwaeleze kwa nini nilisonya. "Waone mfano, mwanangu." Nikawafikiria wale mabinti, wamekaa wameshika mikono mapajani, wakijifunza kutoka kwangu kujiogopa.

Nilianza kuwaandikia ninyi wa kundi hili niwaombe ushauri, nikafuta. Najua mngesonya.

Jana baada ya vipindi nilimwita mshenga, mzee mpole anayeishi hapa mjini. Nikampa kitabu katika jalada lake la kalenda, nikamwomba akifikishe Igunga. Akafurahi. "Vizuri sana, mwanangu. Wachumba mlisome Neno pamoja."

"Siyo Neno, mzee. Ni kile cha mjane. Ni changu, jina langu limo ukurasa wa kwanza, na maandishi ya pembeni ni yangu yote. Barua yao ya posa nimeiweka humo, ukurasa ambao mjane anafungua khanga."

Akakishika kwa ncha za vidole. "Nimwambie nini Elia?"

"Mwambie akisome mpaka mwisho. Humo hafi."

Leo asubuhi mshenga amenitumia ujumbe kutoka Igunga kwamba amekikabidhi mkononi mwa mama yake Elia. Sasa asonye yeye.