Utepe Niliowatupia Mbuzi

Usafi ndio ulioniponza. Pale sokoni Garissa walikuwa wakinicheka kwa hilo: fundi wa redio mwenye fagio lake mwenyewe, skrubu amezipanga kwenye makopo kwa ukubwa wake, na akimwona mtu ameweka kikombe juu ya meza ananuna siku nzima. Nikiletewa kifaa chochote, kabla sijauliza kinaumwa wapi, nilikuwa nimeshakifungua na kutoa uchafu. Ndivyo nilivyofunzwa kazi. Na ndivyo nilivyomdhulumu mama mmoja ambaye hakunikosea lolote.

Alikuja asubuhi moja katikati ya miaka ya tisini, kutoka kambi ya wakimbizi ya Ifo, kwa kibali cha kutoka kambini siku tatu. Alikuwa amebeba mgongoni kitu kilichofungwa kwa blanketi, nami nikadhani ni mtoto. Alipokishusha nikaona ni taipureta ya umeme, zile zilizokuja mwishoni, zenye kioo chembamba cha kuonyesha maneno. Mchanga mwekundu ulikuwa ukimwagika kutoka ndani yake kila alipoisogeza.

"Fundi, walaal, mashini hii iko na akili," akaniambia kwa lafudhi ya Kisomali, kila p ikitoka b. "Bwana yangu anafinya kitufe, mashini anaandika barua tena, beke yake."

Walaal ni ndugu, na tangu siku ile hakuniita vingine. Akaketi kwenye kibao changu, akanieleza. Mumewe alikuwa karani Mogadishu. Jioni ya mwisho nyumbani kwao, risasi zikisikika mtaa wa pili, alimwandikia mdogo wake barua kwa mashine hii, akimweleza amebadilisha njia, na ni kwa nani atakakompeleka kifungua mimba wao. Mama huyu alikuwa akifunga mizigo, akasema moyoni kwamba atamuuliza asubuhi. Asubuhi lori lilikuwa likipiga honi. Mume akaondoka na barua na mwana. Yeye akapanda lori na wadogo wawili na mashine. Wangekutana baada ya mwezi. Sasa ulikuwa mwaka wa tano. Yule mdogo wa mume alikufa kabla ya barua kumfikia, na wengine wote aliowauliza hawakujua kitu.

"Mimi hataki mashini," akasema. "Nibe ile barua tu. Nijue mtoto wangu alienda wabi."

Nikamwambia arudi baada ya majuma mawili. Kabla hajafika kituo cha basi, nilikuwa nimeshaifungua.

Kwanza nikatoa utepe wa wino. Ulikuwa ndani ya kasha la plastiki, umejaa vumbi na mayai ya mende, nami nikaurusha nyuma ya kibanda bila kuutazama mara mbili. Mbuzi wa Garissa wanajulikana. Hula katoni, hula mifuko, hula kamba ya kuwafungia. Niliwasikia wakigombania kile kitu, nikacheka.

Baada ya hapo nikafanya kazi, na sijisifu nikisema niliifanya vizuri. Nilipuliza mchanga kwa pampu ya baiskeli, nikasafisha kwa spiriti kila mahali palipokuwa na kutu. Mkanda wa kusogeza kichwa cha kuchapia ulikuwa umekatika, nikatia wa redio kaseti. Siku ya tisa umeme wa mji ulirudi, nikaichomeka, na ile mashine ikanguruma, kichwa kikakimbia kushoto na kusimama mahali pake. Nilipiga makofi peke yangu.

Nikabonyeza kitufe cha kumbukumbu. Kioo kikabaki kitupu. Nikabonyeza tena na tena, kisha nikaikuta betri ndogo chini kabisa, imepasuka na kuota ukungu wa kijani. Kumbukumbu ya mashine ile iliishi kwa betri hiyo, na betri ilikuwa imekufa zamani. Nilisikitika jinsi fundi anavyosikitika, yaani kidogo. Halikuwa kosa langu.

Utepe mpya ulifika kutoka Nairobi. Nikautia, nikaandika Bismillahi, karatasi ikatoka safi. Nikauchomoa nione kama unazunguka sawasawa, nikauinua juani. Kwenye ule weusi nikaisoma Bismillahi yangu, herufi moja baada ya nyingine, mwanga ukipita ndani yake.

Nikaisoma tena. Mimi nilizoea taipureta za zamani, zenye utepe wa kitambaa unaokwenda na kurudi, herufi juu ya herufi, hata hapasomeki kitu. Huu wa plastiki ulipita mara moja tu. Kila kilichoandikwa kilibaki pale. Barua ile yote, njia, mji na jina la mwenyeji, ilikuwa ndani ya kasha nililowarushia mbuzi.

Nilikwenda nyuma nikatambaa kwa magoti. Nilipata kasha limetafunwa, na kwenye miba ya mti wa mathenge kipande cha utepe, urefu wa shibiri moja. Herufi zilikuwapo, lakini zimeshikana bila nafasi, tena kwa Kisomali. Sikuelewa kitu.

Alipokuja, nilimwambia arudi wiki ijayo. Akaja tena, ameniletea chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, nikamwambia nangoja kipuri. Uongo wa fundi, ule wa kila siku, lakini mwenzangu alikuwa akipanga foleni ya kibali kwa kila uongo wangu. Chai yake nilikunywa. Mpaka leo najionea haya kwa ile chai kuliko kwa ule utepe.

Mara ya tatu nilimwambia yote. Sikumficha mbuzi, sikumficha kicheko changu. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alinyoosha mkono, nikampa kile kipande.

Alikiinua juani, akakisogeza taratibu kwa vidole viwili, midomo ikicheza. Ilichukua muda.

"Ni salamu," akasema. "Assalaamu alaykum, ndugu yangu. Anamsalimia yeye, anasalimia mke yake, anasalimia watoto. Salamu tu. Barua bado hajaanza."

Wao huanza barua hivyo, kwa salamu ndefu, na mbuzi walikuwa wameniachia hizo tu.

Akaniuliza kama kwenye miba hakukubaki kingine, hata kidogo. Nikasema hakuna. Akakifunga kile kipande kwenye pindo la shela yake, fundo juu ya fundo. Mashine akaikataa. Kambini hakuna umeme, akasema, nikae nayo.

Kisha akalitazama lile fundo. Salamu ile haikuwa yake. Ilikuwa ya shemeji yake, na shemeji yake yuko kaburini, na kwetu Waislamu salamu ikikufikia ni lazima uijibu. Akajitengeneza shela, akajibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyepigiwa hodi nyumbani kwake:

"Wa alaykumu salaam."

Akangoja kidogo. Halafu akainama, akaanza kukunja lile blanketi alilofungia mashine.