Mjumbe wa Nane

Pale bungeni walimwita Bi Akidi, na jina likamkaa. Alikuwa karani wa Kamati ya Ardhi kwa miaka ishirini na miwili, na kabla ya lolote kazi yake ilikuwa kuhesabu vichwa. Wajumbe walikuwa kumi na watano. Wasipofika nane, ndiyo akidi yenyewe, hakuna kikao wala kura. Mwenyekiti angenguruma apendavyo, lakini bila Bi Akidi kumwitikia kwa kichwa, asingethubutu kufungua mdomo rasmi. Mumewe alimtania kwamba hata nyumbani hali mpaka ahesabu sahani.

Utani huo ulikufa mwaka juzi. Siku hizi akihesabu, iwe sahani mezani au watu kwenye foleni ya benki, hesabu inamzidi mmoja. Anarudia, bado mmoja. Na huyo mmoja anamjua vizuri.

Ngoja nikueleze mambo ya wakubwa hawa, maana ukiwaona kwenye runinga na tai zao utadhani wanaishi kwa kanuni. Kanuni zipo, ndiyo, lakini mazoea ndiyo yenye nguvu. Mjumbe akitoka kupokea simu huacha koti kwenye mgongo wa kiti. Koti likiwepo, mwenyewe yupo, anahesabiwa. Hakuna aliyeliandika jambo hilo popote, na hakuna aliyewahi kulihoji.

Siku yenyewe kulikuwa na muswada wa kuwahamisha watu wa bondeni. Asubuhi chama tawala kiliwaita wabunge wake faragha, na mnadhimu, yule anayewachunga wasitoke kwenye mstari, akawaambia bila kumung'unya maneno kwamba wote waunge mkono. Mzee mmoja, mbunge wa huko huko bondeni, alikuwa miongoni mwao. Mchana aliingia kwenye kamati, akatundika koti lake la kijivu, akaketi kidogo, akatoka. Wapinzani walikuwa wamesusia. Chumbani walibaki wajumbe saba.

Mwenyekiti akamtazama Bi Akidi. Bi Akidi akalitazama koti, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kura ilichukua dakika mbili. Bi Akidi akaandika kwamba waliohudhuria ni wanane, jina la mzee likiwemo, na wote wameunga mkono. Nusu saa baadaye mfagizi alimkuta mzee kwenye ngazi za dharura, ameshakata roho.

Angeweza kusahihisha. Kikao kilichofuata mwenyekiti aliuliza, kama ada, iwapo kuna marekebisho kwenye kumbukumbu za kikao kilichopita. Bi Akidi aligeuza ukurasa tu. Muswada ukaenda zake, ukapita, na nyumba za bondeni zikabomolewa. Tangu hapo hakulala usingizi wa maana. Aliona aibu, na aliogopa, basi.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, mjane wa yule mzee aliingia ofisini kwake. Alikuwa na nakala ya kumbukumbu zile, imekunjwakunjwa mpaka inachanika. Alieleza taratibu, bila kulalamika, kwamba majirani wamekataa kumsalimia na kaburi la mumewe linatupiwa takataka, kwa sababu karatasi inasema aliwauza watu wake. Naye mumewe alimwapia mlangoni, siku ile ile, kwamba anakwenda kukataa. Hakutaka fidia wala pole. Alitaka kujua tu kama mumewe alimdanganya.

Bi Akidi alipiga hesabu. Akisema kweli, kazi imekwenda na kiinua mgongo kimekwenda. Akinyamaza, marehemu anabaki msaliti milele. Akavuta kiti, akaketi mbele ya yule mama.

"Hakuunga mkono, mama," alisema. "Hakuwepo. Nilihesabu koti lake ili akidi itimie. Nitaliandika hilo leo na kutia sahihi."

Mjane hakulia. Alikuwa akiinyoosha ile karatasi kwa kiganja, polepole. Bi Akidi alihisi kifua kinafunguka, mara ya kwanza kwa miaka miwili, akawaza kwamba kumbe ilikuwa rahisi namna hii. Ndipo yule mama akauliza ingekuwaje kama asingemhesabu.

Hilo alilijua kama jina lake, akajibu kwa haraka ya mtu aliye kwenye kazi yake. Kikao kingesimama, kengele ingepigwa, na matarishi wangetumwa kote, kwenye korido, vyooni, kwenye ngazi, kumtafuta mjumbe aliyekosekana.

Mjane alikuwa ameacha kuinyoosha karatasi.

"Daktari aliniambia alihangaika pale ngazini karibu nusu saa," alisema.