Mzizi wa Kifua na Salamu ya Mzee Masunga

Chekeni tu, nimezoea, maana hadi leo nikipita pale penye mizani ya pamba kijijini kwetu, karibu na Nkoma, natembea nimeinamisha kichwa kama mwizi wa mbuzi, na vijana ambao siku ile hata kuzaliwa hawakuwa wamezaliwa wananiita Bubu.

Ilikuwa ile miaka ya kila kitu ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kumiminika na malori yao, na mimi Maduhu, kijana wa darasa la saba nisiye na hata ndama wa jina langu, nilikuwa nimepata kibarua kwa daktari mmoja, mama wa kutoka Dar, aliyekuwa anakusanya miti ya dawa za kienyeji. Mizizi wanaisaga, wanailoweka kwenye spiriti, halafu yale maji yake wanavidondoshea vijidudu vya kifua kikuu huko maabara waone kama vinakufa au vinapeta. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchimba na kubeba. Sasa mzee Masunga, baba yake Kabula, alikuwa ameshatamka kwamba binti yake hamtoi kwa mtu wa vibarua, na daktari naye alikuwa ameniahidi kwamba nikimpatia mzizi wa kifua, ule anaotibia shangazi yangu, atanitafutia ajira ya kudumu. (Kabula mwenyewe alinitaka vilevile nilivyo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.)

Shangazi Nkwimba, aliyekuwa mganga, alikubali kwa mwiko mmoja: mzizi unachimbwa alfajiri, na aliyeuchimba hasemi na mtu yeyote mpaka aukabidhi mkononi mwa anayeuhitaji.

"Ukitoa neno njiani," akaniambia, "ujue umebeba kuni."

Basi nikachagua siku ileile ambayo jioni yake wazee wetu walikuwa waende kwa Masunga kuongea habari za ng'ombe wa mahari, kwa sababu daktari alikuwa anaondoka asubuhi hiyo na gari lingenipitia nyumbani. Mzizi ukanisumbua, umezama ardhini kama una ugomvi na mimi, jua likachomoza ningali nachimba. Nikaona nimechelewa. Njia ya porini ni ndefu, nikasema moyoni, ngoja nikatize pale penye mizani, nipite haraka haraka, nani ataniona? (Kijiji kizima kilikuwa pale na magunia yake, kimepanga foleni tangu alfajiri, hilo mtu mwenye akili angelijua.)

Wa kwanza kuniona ni mzee Masunga, amekaa juu ya gunia lake. Mimi mdogo ndiye niliyepaswa kuanza kusalimia. Nikapita. Watu wakaguna. Mzee, kwa heshima zake, akanisalimia yeye.

"Mwangaluka, Maduhu!"

Kwetu Usukumani kuacha kuitikia "mwangaluka" asubuhi ni zaidi ya kumtukana mtu. Nikainama, nikapiga goti, nikaonyesha mdomo, nikaonyesha mfuko, nikatikisa kichwa.

"Unaniinamia kama mbuzi? Nimekusalimia!"

Mtu mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti kwamba anayetoka porini alfajiri na udongo miguuni, halafu hataki salamu, tumuulize vizuri alikuwa wapi. Sikusikia mengine, maana sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walishapiga filimbi. Wakaninyang'anya jembe na mfuko, wakaumwaga ule mzizi chini, mwekundu, unanuka, akina mama wakarudi nyuma wakipiga kelele. Mchawi! Nami nimefumba mdomo, jasho linanitiririka, nawaza ajira, ajira, vumilia Maduhu, gari linakuja.

Kabula akafika na chupa ya chai ya baba yake. Akapenya katikati ya watu mpaka mbele yangu, machozi yanamlenga.

"Maduhu, sema neno moja tu, wajue wewe ni mtu. Moja tu."

Nikamnyooshea kidole, maana yake subiri kidogo. Mungu wangu! Binti wa watu anajidhalilisha mbele ya kijiji kwa ajili yangu, na mimi namnyooshea kidole.

Ndipo gari likatokea. Daktari akashusha kioo, mzizi bado uko chini, miguuni mwa sungusungu.

"Maduhu, habari za asubuhi?"

Na mimi, sijui ni shetani gani, nikajibu kwa sauti safi kabisa: "Nzuri tu, daktari! Shikamoo!"

Hata wa kwenye mizani aliacha kupima. Mzee Masunga akainuka kwenye gunia lake taratibu.

"Kumbe ulimi anao," akasema. "Kwetu sisi ndio hana."

Kabula akageuka na chai yake. Daktari aliwaeleza wale sungusungu habari zangu, akauchukua mzizi wake, wakaniachia, nikajaribu kumkimbilia mzee nimweleze habari ya mwiko, hakusimama. Jioni wazee wetu walikwenda, hawakupewa hata kigoda cha kukalia.

Miezi ikapita, daktari akarudi mara moja tu kufunga kazi. Mzizi haukuua kitu, vijidudu vilistawi utadhani vimepikiwa uji, na ajira ikafia hapo. Nilipomsimulia kuhusu mwiko akanihurumia. "Maduhu, hata ungeimba njia nzima ingekuwa vilevile." Shangazi naye hataki kusikia: "Uliongea. Ulipeleka kuni." Kati yao hao wawili mimi sijui nani mkweli, ninachojua ni kwamba nilikosa mke kwa sababu ya kunyamaza na nikakosa kazi hata baada ya kusema.

Tangu hapo nimeapa, salamu hainipiti, nasalimia wazee, watoto, walevi, hata mtu aliyenigeuzia mgongo namzunguka nimsalimie. Mwaka mmoja nilikutana na Kabula sokoni Bariadi, ameolewa Nyalikungu na karani wa wanunuzi wa pamba, mtoto mgongoni. Nikawahi mimi, kwa sauti, mbele za watu: "Mwangaluka, Kabula!"

Akanitazama vizuri, akapita kimya, kama vile na yeye alikuwa ametoka kuchimba mzizi.