Kaniki Juu ya Kompyuta

Kama hutaki kuamini yote, amini nusu ya kwanza, ile ya kompyuta, maana hiyo unaweza kuijaribu mwenyewe. Nusu ya pili sina namna ya kukuonyesha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nilikuwepo, mchana kweupe, na akili zangu timamu, na pombe sijawahi kuionja. Nitakueleza polepole.

Ilikuwa Bariadi, miaka ile biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi, kila mwenye uwezo akawa anajenga kinu chake cha kuchambulia. Kinu kimoja nje ya mji kilinunua kompyuta ya mezani, ya mtumba, na ndiyo ilikuwa ya kwanza maeneo yale. Mimi nilikuwa na kibanda cha ufundi mjini. Nikaitwa. Niliambiwa mashine inaganda kila mchana, na kwamba imerogwa.

Karani wa pale, mtu wa makamo aitwaye Masanja, alinipokea vizuri. Sanduku la kompyuta lilikuwa sakafuni, chini ya dirisha linalotazama kinu, limefunikwa kaniki nyeusi pande zote na kukazwa kwa kamba. Masanja akanieleza kwamba mganga ndiye aliyeagiza. Kaniki ilikuwa ya kuzuia jicho baya, isiondolewe hata mashine ikiwa kazini. Nikamwuliza, tangu ivishwe, inaganda zaidi au imepungua? Akafikiri, akasema zaidi. Ndipo watu walipojua, akasema, kwamba aliyeiroga ana nguvu kubwa. Kisha akaniacha, akaenda kula.

Sasa nikueleze nilichokiona nilipofungua. Ndani ya kompyuta kuna ubao mkubwa, mafundi tunauita mazabodi. Prosesa, ile inayofanya hesabu, watu wengi wanaijua, na feni yake kubwa ndiyo wanayoikagua. Lakini pembeni kuna chipu nyingine, chipuseti, ambayo ni kama askari wa njia panda: habari zote za prosesa, za kumbukumbu na za kioo hupitia kwake. Nayo huchemka. Juu yake huwekwa kipande cha alumini chenye meno kama kitana, na wakati mwingine kifeni kidogo. Kifeni cha pale kilikuwa hakizunguki. Vumbi la pamba kutoka kinuni lilikuwa limeingia na kukisokota kama uzi. Ukiongeza na kaniki juu, hewa ipite wapi? Nikaiwasha, nikagusa ile alumini, nikaondoa kidole haraka.

Nilipoinua kichwa, mama mmoja mzee alikuwa ameketi juu ya magunia karibu na mlango. Sikusikia akiingia. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya akina mama wengi wa kwetu wanaopikia samadi ya ng'ombe kuni zikikosekana. Alijifunga kitenge mpaka kidevuni, na joto lote lile.

"Mwadila, baba," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayo. Mhola?" nikamjibu kama mama yangu, nikimwuliza kama ni salama.

"Mhola duhu, salama tu." Akaitazama kompyuta. "Mimi ndiye ninayefagia humu. Wanasema nikiingia inakufa. Ina nini, baba? Nionyeshe."

Nikamwonyesha yote niliyokueleza wewe. Nikamwambia kwamba akifagia vumbi linapanda, na kwamba mchana ndipo kinu kinapotupa pamba nyingi na jua linapokuwa kali, kwa hiyo si ajabu mashine kuzimika akiwepo. Alisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Nikamwambia aguse ile alumini, kidogo tu, asije akaungua.

Akaweka kidole. Akakiacha pale. Niamini, nilimwambia akitoe, hakukitoa.

"Sisikii kitu," akasema.

Nikadhani ni ngozi ngumu ya mkono wa jembe. Nikamshika nimwondoe, na mkono wake ulikuwa baridi kama maji ya mtungi. Akaufunga juu ya wangu.

"Ulivyoniambia mimi, waambie wao jioni hii. Wakimtenga Kabula, wanawe watapewa maji na nani?"

Nikajibu nitawaambia, ingawa sikujua Kabula ni nani. Niliinama kuchukua bisibisi. Nilipoinuka, magunia yalikuwa matupu.

Masanja aliporudi nikamwuliza yule mama mfagiaji kaenda wapi. Akaniuliza mama yupi. Nikamweleza macho, kitenge, mkono. Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Huyo ni Minza," akasema. "Tumemzika juzi. Walimkata shingo nyumbani kwake, walikuja na mapanga."

Halafu akanieleza mengine kwa sauti ya chini. Watu walitegemea Minza akifa mashine itapona. Haikupona. Basi wakasema uchawi amemwachia binti yake, Kabula, na jioni ile wanakijiji walikuwa wanakutana uwanja wa kinu kumtenga. Mtu akitengwa kwetu, hapewi moto wala maji, salamu yake haijibiwi, na anayemsaidia anatozwa ng'ombe. Mwenye watoto wadogo atadumu vipi?

Sikuisafisha ile mashine. Nilitaka waione ikiwa mgonjwa. Walipokusanyika uwanjani kati ya marobota ya pamba, nikavuta waya kutoka ofisini, nikaiwasha mbele yao na kuifunga kaniki yake. Ikaganda. Nikaivua, nikatoa donge la pamba kwenye kifeni, nikapaka krimu mpya ya kupitisha joto, nikaiinua juu ya meza. Tukangoja. Mmoja akanitania, "Fundi, unatuchomea chapati?" Wakacheka. Mashine ikaendelea kufanya kazi mpaka kicheko kikaisha. Nikairudishia uchafu wake na kaniki yake, ikaganda tena. Nikawaomba wanaume wapange mstari, waje mmoja mmoja, waguse kabla haijapoa. Kila mmoja aligusa, akaondoa kidole, akakipuliza.

Kabula alisimama mbali, mtoto mgongoni. Hakuna aliyemtazama.

Mwenyekiti wao akaniuliza, "Wewe si wa hapa. Nani alikwambia tunakutana?"

"Minza," nikasema. "Leo mchana."

Wakaondoka wawili wawili. Kabula hakutengwa. Kesho yake alichota maji kisima kile kile na wenzake.

Mimi mkono wangu wa kulia, ule alioushika, hausikii moto tangu siku ile. Nimeunguzwa na pasi ya kulehemu nikagundua kwa harufu. Kompyuta nazipima kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mashine yako ikiganda, ifungue. Tafuta kile kifeni kidogo, toa vumbi, usiifunike kitambaa hata kiwe kizuri namna gani. Si kazi ngumu, utaiweza. Na ukimsikia mtu anamtaja mama wa watu kwa uchawi, mnyamazishe siku hiyo hiyo, usingoje fundi. Waliomuua Minza hawakukamatwa. Walikuwa kwenye ule mstari jioni ile, wakagusa, wakapuliza vidole vyao, nami nikawashukuru kwa kuja.