Juzuu ya Sita Ilibaki Kilwa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kujalidi vitabu, maktabani hapa Lubumbashi, sikupewa sindano. Mkuu wa karakana, ambaye sote tulimwita Chef, aliniketisha akanisomea sura nzima ya riwaya. Nilidhani mzee ana wazimu kidogo. Kumbe ndiyo ilikuwa desturi ya pale: mmoja anashona, mwingine anasoma kwa sauti.

“Muntu mwenye hajue habari ya mu kitabu,” aliniambia, “anashonaka tu makaratasi.”

Ninyi vijana mnaobandika vitabu kwa gundi, kisha vinamwaga kurasa kabla ya mwaka kuisha, sikilizeni. Sisi tulishona. Karatasi zilizokunjwa pamoja tuliziita kaye, na kila kaye tuliishona mgongoni kwa uzi uliopakwa nta. Kaye ikikaa mahali pasipo pake, hadithi inaruka, na sikio hulinasa kosa hilo kabla ya jicho. Kwa hiyo kusoma ilikuwa kazi. Raha ilikuja yenyewe, wala hatukumwomba mkurugenzi ruhusa yake.

Kilichotuteka hasa ni mfululizo wa riwaya sita za Kiingereza za zama za Malkia Viktoria, zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, nene kama matofali. Zote zilihusu mji mmoja mdogo: wachungaji wanagombea vyeo, mabinti wanangoja posa, na mjane mmoja ana ulimi mkali. Chef, ambaye mkewe alifariki zamani, alimpenda mjane huyo waziwazi. Kila alipotajwa, aliinua kidole.

“Ule mama atakuya kuolewa, utaona.”

“Chef, na ile kinywa yake? Nani atamubeba?” nilimbishia.

“Utaona, mama.”

Juzuu ya tano ilituacha na mjane ndani ya nyumba yake, mgeni anabisha hodi. Ya sita aliiazima mwalimu mmoja, akahamishiwa nayo Kilwa, hii yetu ya kando ya ziwa. Barabara ya Kilwa mnaijua ilivyo mbovu. Kila Jumatatu Chef aliuliza kama kitabu kimerudi, mpaka siku aliyostaafu, na siku hiyo pia aliuliza.

Miaka ikapita. Mwalimu akafariki, mkewe akakirudisha kitabu kikiwa kimefungwa katika kitenge chenye harufu ya samaki. Nilipanda pikipiki mpaka Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, nyumbani kwa Chef, nacheka peke yangu njia nzima. Binti yake alinipokea mlangoni.

“Papa anasahauka bantu sasa,” alisema.

Nilikaa karibu na mzee nikaanza kusoma. Mgeni akafunguliwa mlango, mjane akamkaribisha. Chef alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, “Ule mama ni nani?”

Nililia mbele yake, na sioni haya kusema. Mwisho wa hadithi ungemfaa nini mtu aliyepoteza mwanzo wake? Nilifunga kitabu. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilirudi na juzuu ya kwanza.

Mjane alipoingia kwenye hadithi, mzee aliinua kidole. “Ule mama atakuya kuolewa, utaona.”

“Chef, na ile kinywa yake?” nikambishia kama zamani.

Tulikuwa katikati ya juzuu ya tatu Mungu alipomchukua.

Nami nilistaafu. Mkurugenzi aliniuliza nataka zawadi gani ya kuagwa, nikaomba juzuu ya sita. Akacheka, akasema kuna saa nzuri ya ukutani. Nikasema asante, kitabu kinanitosha. Kilikaa kabatini muda mrefu, kwa sababu sikujua kusoma riwaya ile bila mwenzangu.

Mwezi uliopita nilikitoa. Nilikisoma chote kwa sauti, siku baada ya siku, ingawa hapakuwa na mtu anayeshona. Katika ukurasa wa mwisho mjane anaolewa na yule mgeni, na mvua inanyesha juu ya paa la kanisa.

“Chef,” nilisema, “ule mama ameolewa.”

Kisha nikaweka kitabu mapajani, nimwachie nafasi ya kunicheka.